Kichwa cha Treni cha Mvuke cha Mezani: Kazi Kinafanya, Ila Hakipumui

Mwezi uliopita nilinunua katika duka moja la bidhaa za mitumba mjini Arusha kichwa kidogo cha treni cha kuwekwa mezani, kinachotumia moto wa kweli na mvuke wa kweli. Kadi iliyofungwa kwa uzi kwenye dohani yake iliandikwa "Rocket, 1829" pamoja na bei ya shilingi 420,000, ambayo baada ya mazungumzo ya nusu saa ilishuka hadi 370,000. Hakikuwa na boksi, kitabu cha maelekezo wala jina la kiwanda. Nilikipindua nikatafuta chini ya fremu, nikakuta tarakimu tatu tu zilizogongwa kwenye chuma. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Moshi, na kwa miaka mingi nimeeleza mashine ya mvuke kwa chaki ubaoni, mbele ya vijana ambao treni pekee wanayoijua ni ile ya dizeli inayofika stesheni yetu. Kwa hiyo sikukinunua kiwe pambo la sebuleni. Nilitaka kujua kama chombo hiki kinaweza kumwonyesha mwanafunzi jinsi kichwa cha treni kilivyokua katika karne ya 19, na ninayoyaandika hapa yanatokana na kukiwasha mara kumi na nne, kukifungua mara mbili, na kukipima kwa rula na kwa saa.

Kwa umbo, aliyekitengeneza alijua anachokiiga. Kina urefu wa sentimita 21 na uzito wa kilo moja na robo. Boila yake ni ya shaba iliyopakwa rangi ya njano, dohani ni ndefu na nyeupe, magurudumu makubwa yako mbele na madogo yako nyuma, kama ilivyokuwa Rocket, kichwa cha treni maarufu kilichotoka katika karakana ya Robert Stephenson mjini Newcastle, Uingereza. Rocket ya kweli ilikuwa na magurudumu makubwa yenye kipenyo cha milimita 1,435 hivi, kipimo ambacho ni sawa na upana wa reli zilizoibeba. Katika kichwa changu reli zina upana wa milimita 45 na gurudumu kubwa lina kipenyo cha milimita 44, maana yake kimepunguzwa takriban mara 32 na uwiano haukupotea. Kwa sisi wa reli ya upana wa mita moja, milimita hizo 45 zinaweza pia kusomwa kama reli ya Tanga iliyogawanywa kwa 22, na hivyo ndivyo ninavyowaeleza wanafunzi.

Kukiwasha ni kazi ya dakika kumi na tano kwa mtu asiye na haraka. Unajaza boila kwa bomba la sindano, mililita 110 za maji ya mvua. Nasisitiza ya mvua, kwa sababu birika la nyumbani kwangu linatosha kunionyesha ukoko mweupe unaoachwa na maji ya bomba, na ukoko huo ndani ya boila huzuia joto lisifike kwenye maji huku chuma chenyewe kikiungua. Unatia tone la mafuta mazito kwenye kila silinda, unajaza kibatari cha spiriti chenye tambi tatu, unawasha, unasubiri. Dakika ya sita boila huanza kuimba kama birika. Ukifungua vali mapema, silinda hutema maji ya moto, magurudumu hushtuka, huzunguka nusu, husimama. Kisha chuma kinapopata joto yale maji hukoma, mvuke mkavu huingia, na kichwa kinaondoka chenyewe kuzunguka duara la reli kwa dakika nane au tisa.

Dakika hiyo ya kutematema ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba silinda baridi hula mvuke, na hilo ndilo jambo lililomfanya James Watt, katika miaka ya 1760, atenge chombo maalumu cha kupozea mvuke nje ya silinda. Mashine za Watt zilitumia mvuke wa presha ndogo na zilihitaji chombo hicho cha kupozea pamoja na maji mengi ya baridi, ndiyo maana zilibaki zimesimama migodini na viwandani. Hakuna aliyeweza kuzipandisha juu ya magurudumu kwa faida. Richard Trevithick wa Cornwall aliliondoa tatizo kwa kuthubutu kutumia mvuke wa presha kubwa, ambao hufanya kazi yake ndani ya silinda kisha huachiwa hewani moja kwa moja. Tarehe 21 Februari 1804, huko Penydarren nchini Wales, mashine yake ilivuta tani 10 za chuma pamoja na watu wapatao 70 kwa umbali wa kilomita 16 hivi, kwa muda wa saa nne na dakika chache. Mashine ilifaulu. Kilichoshindwa ni reli za chuma cha kusubu, ambazo zilikuwa zikivunjika chini ya uzito wake.

Kichwa changu kinamzidi Trevithick kwa jambo moja la maana. Mashine ya Penydarren ilikuwa na silinda moja na gurudumu kubwa la kuhifadhi mwendo, kwa sababu silinda moja ikisimama mahali ambapo konrodi (fimbo inayotoka kwenye pistoni) na krenki (mkono unaozungusha gurudumu) vimenyooka mstari mmoja haiwezi kuanza tena bila kusukumwa. Hiki kina silinda mbili, na krenki zake zimepishana kwa robo ya mzunguko, hivyo wakati upande mmoja umekwama upande wa pili uko katikati ya nguvu zake. Mpangilio huo wa silinda mbili ulitumiwa na Matthew Murray mjini Leeds mwaka 1812, kwenye mashine ambazo bado ziliendeshwa kwa gurudumu la meno lililong'ata reli, maana John Blenkinsop aliyezitaka aliona kwamba mashine nyepesi ya kutovunja reli ingeteleza kwa magurudumu laini. William Hedley wa Wylam na George Stephenson wa Killingworth, baba yake Robert, walionyesha katika miaka miwili iliyofuata kwamba gurudumu laini juu ya reli laini linashika vya kutosha. Wanafunzi wangu wamelijaribu hilo kwa kukifunga kichwa chetu kwa uzi kwenye kibehewa chenye mawe: kiliteleza tulipofika gramu 900, na tulipoweka kipande cha chuma juu ya boila kikavuta tena.

Hadi hapo sina malalamiko. Malalamiko yangu yanaanzia kwenye ile kadi.

Siku ya kwanza darasani msichana mmoja aliinama hadi pua yake ikakaribia reli, akauliza, "Mwalimu, mbona moto uko nje?" Aliuliza jambo la msingi kuliko alivyodhani. Boila ya chombo hiki ni kopo lililofungwa pande zote, na moto wa spiriti unalilamba kwa chini kama sufuria juu ya jiko. Rocket haikuwa hivyo. Nyuma ya boila yake palikuwa na tanuri la makaa lililozungukwa na maji, na kutoka kwenye tanuri hilo moshi wa moto ulipita ndani ya mirija 25 ya shaba, kila mmoja ukiwa na kipenyo cha sentimita 7.5 hivi na urefu wa mita 1.8, mirija yote ikiwa imezama ndani ya maji, hadi ukatokea kwenye dohani. Tulipiga hesabu ubaoni. Bomba moja nene la sentimita 30, la aina iliyotumiwa na mashine nyingi kabla ya hapo, lina eneo la kupashia maji la mita za mraba 1.7, mirija 25 ina mita za mraba 10.6, yaani zaidi ya mara sita, bila boila kuongezeka urefu hata sentimita moja. Wazo hilo akina Stephenson walipewa na Henry Booth, mweka hazina wa kampuni ya reli ya Liverpool na Manchester, na miaka hiyohiyo Marc Seguin alilifikia kwa njia yake huko Ufaransa.

Ndiyo maana matokeo ya majaribio ya vichwa vya treni huko Rainhill, Uingereza, Oktoba 1829, yalikuwa vile yalivyokuwa. Wakurugenzi wa reli hiyo walitoa zawadi ya pauni 500 kwa mashine itakayovuta mzigo wa mara tatu ya uzito wake kwa mwendo wa maili 10 kwa saa, ikienda na kurudi kwenye kipande kifupi cha reli hadi itimize umbali wa safari ya kweli. Mashine iliyoitwa Novelty ilikuwa nyepesi na ya kupendeza, lakini iliharibika mara kwa mara. Sans Pareil ya Timothy Hackworth ilikuwa na nguvu, ikaangushwa na silinda iliyopasuka. Rocket ndiyo pekee iliyomaliza mtihani wote, kwa wastani wa kilomita 19 kwa saa, na ilipoachiwa ikagusa karibu kilomita 48. Watu wengi husimulia habari hiyo kama mashindano ya mbio. Kwangu mimi yalikuwa mtihani wa boila, wa nani anaweza kuendelea kutengeneza mvuke kwa kasi ileile anayoutumia, na chombo chenye boila ya kopo hakistahili kuandikiwa jina la mshindi wa mtihani huo.

Kasoro ya pili sikuigundua mimi. Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alipita jioni tukiwa tumekiwasha barazani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akavuta kiti, akakitazama kikizunguka mara tatu bila kusema neno. Kisha akasema, "Mwalimu, hiki hakipumui." Alinyoosha kidole kwenye kibomba chembamba kando ya silinda, ambako mvuke uliokwisha kazi ulikuwa ukitokea chini, ubavuni, mbali kabisa na dohani. Katika kichwa cha treni cha kweli mvuke huo hupigwa juu ndani ya dohani kupitia mdomo mwembamba. Unapotoka kwa kasi hukokota moshi, moshi ukiondoka hewa mpya huingia kwa nguvu kwenye tanuri, na moto huwaka zaidi. Uzuri wake ni kwamba mlima ukianza na mashine ikalazimika kutumia mvuke mwingi, pumzi nayo inakuwa kali, moto unapanda wenyewe, na mvuke unaongezeka wakati hasa unapohitajika. Trevithick aliligundua hilo kwenye mashine zake za mwanzo, na Hackworth na akina Stephenson wakalikuza. Mirija membamba bila pumzi hiyo ingesongwa na moshi. Pumzi bila mirija ingerusha joto bure angani. Vilihitajiana, na Rocket ilikuwa na vyote viwili.

Kwa kuwa kichwa changu hakiwezi kulionyesha, tumelionyesha kwa jiko. Tuliweka mkaa uliofifia kwenye jiko la kawaida, tukalifunika kwa bati lenye bomba la urefu wa mkono mmoja, tukapitisha mdomo wa pampu ya baiskeli chini ya bomba ukielekea juu, mwanafunzi akapampu. Upepo wa pampu haukugusa mkaa hata kidogo, ila kila aliposukuma mkaa uligeuka mwekundu, na alipoacha ukafifia. Walirudia mara nyingi kuliko nilivyopanga, kila mmoja akitaka zamu yake. Jaribio hilo halikutugharimu chochote, na kwa haki lilifundisha kuliko chombo cha shilingi 370,000.

Kuhusu silinda nitasema kwa ufupi kiasi. Silinda za chombo hiki hubembea, na kwa kubembea huko matundu yake hufunguka na kujifunga yenyewe. Ni utaratibu rahisi unaodumu, ila unaingiza mvuke karibu katika mwendo wote wa pistoni. Dereva wa treni za katikati ya karne ya 19 alikuwa na wenzo wa kukata mvuke mapema: pistoni ikifika theluthi ya safari yake, mlango unafungwa, na mvuke ulionaswa ndani unaendelea kutanuka na kusukuma, kama msukuma mkokoteni anayetia nguvu mwanzoni kisha akauacha uteremke. Mitambo ya kufanya hivyo ilikamilika katika karakana ya Stephenson mwaka 1842, na miaka miwili baadaye Mbelgiji Egide Walschaerts akatoa wa kwake, ambao ulikuja kuenea duniani hadi mwisho wa enzi za mvuke. Chombo changu kinamaliza mililita mia moja za maji kwa dakika tisa bila mzigo wa maana. Mwanafunzi akiuliza kwa nini kinakunywa hivyo, jibu liko hapo.

Sasa usalama, na hapa naomba anayefikiria kununua chombo cha aina hii asome taratibu. Mara ya kwanza nilipokiwasha vali ya usalama ilikuwa imeganda kwa ukoko wa zamani. Boila iliimba, ikanyamaza, na mvuke haukutoka mahali popote. Nilizima moto kwa kuufunika kwa kopo, nikarudi nyuma hatua nne, nikasubiri kipoe. Nilipoifungua kesho yake niliiloweka kwenye siki usiku kucha, nikaisafisha kwa sindano, na tangu hapo naivuta kwa kidole kabla ya kila kuwasha nikihakikisha springi inarudi. Kosa ni langu kwa sababu sikuikagua, ingawa aliyeniuzia alinihakikishia kwamba amekijaribu. Mashine ya Trevithick ya kupampu maji ililipuka huko Greenwich mwaka 1803 ikaua watu wanne, na tangu hapo akaanza kuweka vali mbili pamoja na plagi ya risasi inayoyeyuka maji yanapopungua kupita kiasi. Huko Marekani, Juni 1831, boila ya Best Friend of Charleston ililipuka baada ya mchochea moto kuizuia vali ya usalama isitoe mvuke, na masimulizi yanasema alikerwa na kelele zake. Ninawasimulia wanafunzi habari hizo mbili kabla hawajagusa kiberiti.

Chombo hakina kipimo cha presha wala kioo cha kuonyesha kiasi cha maji, na hilo ni pungufu kubwa kwa matumizi ya shule. Vichwa vya mwanzo navyo havikuwa na kipimo cha presha cha kutegemewa hadi Eugène Bourdon wa Ufaransa alipotoa kile cha bomba lililopinda, mwaka 1849, ambacho hadi leo kiko kwenye mitungi ya gesi ya mafundi wa kuchomea. Maji ya boila nayo yaliongezwa kwa pampu zilizoendeshwa na mwendo wa treni yenyewe, kiasi kwamba treni iliyosimama muda mrefu haikuweza kujaza boila, hadi Henri Giffard alipobuni mwaka 1858 kifaa kisicho na pistoni kinachosukuma maji ndani ya boila kwa kutumia mvuke wa boila hiyohiyo. Ikumbukwe kwamba ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Kichwa cha treni kilitufikia hapa kikiwa kimekwisha kukomaa, na majaribio, milipuko na ubishi wa miaka mia moja vilibaki huko kwa wenzetu. Pengine ndiyo sababu tunakifikiria kama kitu kilichozaliwa kamili, na ndiyo sababu nilitaka darasa langu lione hatua zenyewe.

Je, ninakipendekeza? Kwa shule yenye mwalimu wa kukisimamia, ndiyo, kwa bei isiyozidi shilingi 300,000, na kwa sharti kwamba kadi ibadilishwe. Kwa moyo wake hiki ni chombo cha kabla ya Rocket kilichovishwa nguo za Rocket: kinafundisha vizuri presha, silinda na krenki, hakifundishi kabisa mirija, pumzi wala kukata mvuke. Kwa mzazi anayetafuta zawadi ya mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili, hapana. Boila inaunguza, na spiriti ikimwagika mchana moto wake hauonekani. Anayekinunua ahakikishe vali ya usalama inafanya kazi, aangalie kama tambi za kibatari zinapatikana (mimi nimetumia uzi wa pamba uliosokotwa, unafaa), na adai kukiona kikiwaka dukani kabla ya kulipa.

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi mmoja, tukakubaliana shilingi 6,000. Alikipasha moto kile kibomba cha ubavuni, akakipinda, akakichomekea chini ya dohani na kukiziba kwa risasi. Moto wa spiriti haukubadilika, kwa kuwa hauna tanuri la kuvutia hewa. Ila kilipoanza kutembea barazani kilitema matone ya maji juu ya daftari langu, kisha yakaja mapigo, manne kwa kila mzunguko wa gurudumu, mwanzoni moja moja, halafu yakifuatana hadi yakashindwa kuhesabika. Mzee alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, na kidole chake kilikuwa kikiyahesabu juu ya mbao.